Uwanja Uliokusudiwa Kututenga

Mnazi Mmoja ni uwanja uliotengenezwa ili watu wasikutane. Ukisimama hapo leo, karibu na mnara wa Mwenge, Mtaa wa Lumumba upande mmoja na maghorofa ya Uhindini upande wa pili, unaona nyasi, miti na wapita njia. Mstari huuoni. Lakini mstari ulikuwepo, na ulichorwa kwa makusudi. Kanuni za ujenzi za Wajerumani, na baada yao za Waingereza, ziliugawa mji wa Dar es Salaam mapande matatu: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati penye maduka, na Uswahilini kuanzia Kariakoo kwenda bara. Baina ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa ukanda mtupu. Waliokuwa wakiishi ndani yake walihamishwa, nyumba zao zikavunjwa, na sababu iliyotolewa ni afya, kwamba maradhi ya upande mmoja yasivuke kwenda upande wa pili.

Mimi ni mtoto wa Ilala, na maisha yangu ya kazi yote nimekuwa mchora ramani katika ofisi za wasanifu majengo. Mchora ramani kijana, miaka ya 80, kazi yake ilikuwa kutumwa. Unapewa futi kamba, ubao na penseli, na mwenzako wa kushika ncha ya pili, unaambiwa kapimeni jumba fulani. Mwenyewe anataka kuongeza ghorofa, au anataka kulivunja na michoro iliyopo imepotea. Kwa njia hiyo nimeingia kwenye majumba ambayo wengi huyaona kwa nje tu wakiwa kwenye daladala. Nimeona mapaa yake, mashimo ya ngazi zake, vyoo vyake na kuta zake zilizojificha nyuma ya kuta nyingine. Na kadiri nilivyopima ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba Dar es Salaam imefanywa kuwa mji mmoja na sehemu za kukutania, na kwamba nyingi ya sehemu hizo zilijengwa kwa shughuli tofauti kabisa. Wenyeji ndio waliozigeuza.

Yale majengo ya kwenye kalenda nayo nayapenda, nisije nikaeleweka vibaya. Boma la Kale pale Sokoine Drive ni la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyetaka kuujenga mji mpya kwenye bandari hii tulivu. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba ukikaa ndani ya dirisha saa saba mchana bado unapata ubaridi. Vyumba ni vyembamba, na wembamba wake una sababu yake: boriti za mikoko, za aina iliyokuwa ikikatwa delta ya Rufiji, zikizidi sana mita tatu haziwezi tena kubeba dari la mawe. Kwa hiyo urefu wa mti wa mkoko ndio ulioamua upana wa chumba cha mtu wa pwani, awe sultani au mfanyabiashara. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora, mpaka Wajerumani walipouhamishia makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Ndipo yakaja makanisa mawili yanayotazama maji, la Azania Front la Walutheri na la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, yote yakianza kujengwa miaka ya mwisho ya karne ya 19. Sanamu ya Askari ni ya Waingereza, ya mwaka 1927.

Hayo yana walinzi, yana vibao, na wageni huyapiga picha. Hadithi ninayoitaka iko nyuma yake, upande wa mitaa.

Rudi Mnazi Mmoja. Pembeni ya ukanda ule Mgiriki tajiri wa mkonge, Arnautoglu, alitoa fedha kukajengwa ukumbi wa jamii kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 50. Wazee wetu wote wanasema Anatoglo. Serikali ya kikoloni ilitaka Waafrika wapate mahali pa kujifunza kazi za mikono, kucheza dansi, kusoma magazeti, mambo ya ustawi. Na hayo yalifanyika. Lakini ni ndani ya ukumbi huohuo, mwezi Aprili 1953, Julius Nyerere alipochaguliwa kuwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, akichukua nafasi ya Abdulwahid Sykes. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, TAA ikawa TANU, katika nyumba ya chama iliyokuwa New Street, ndiyo Lumumba ya leo, mwendo wa dakika chache kutoka hapo. Ile nyumba ya New Street wanachama wa African Association, chama kilichokuja kuitwa TAA, waliijenga wenyewe, kwa kujitolea, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 20. Kisha TANU ilipohitaji mahali pa kuuhutubia umati, uwanja ulikuwa tayari mbele yake, mpana na mtupu, umesafishwa na wakoloni wenyewe.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikivuka pale kwenda kazini. Aliyechora ule ukanda alikuwa mtu wa fani yangu. Alikaa mezani na rula na wino, akaona nafasi tupu kama ukuta wa bei rahisi. Hakujua kwamba nafasi tupu katikati ya mji haiwezi kukaa ukuta. Watu wa pande zote wataikanyaga, kwa sababu ndiyo njia ya mkato.

Karimjee kulikuwa na mambo ya namna hiyo pia, ingawa kwa heshima zaidi. Ukumbi ule, zawadi ya familia ya Karimjee kwa mji mwaka 1955, ndimo lilimokaa baraza la kutunga sheria la kikoloni. Humo ndimo Nyerere alimoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, na Bunge letu likakutana humo mpaka lilipohamia Dodoma. Siku hizi watu wa Dar wanaujua zaidi kama mahali pa kuwaaga marehemu mashuhuri, kama Reginald Mengi mwaka 2019. Hakuna mchoro wowote wa Karimjee ulioandikwa chumba cha kuagia maiti, ila ukumbi wenye viwanja, miti na lango pana unaweza kubeba msiba wa mji mzima, na watu wakaligundua hilo wenyewe.

Lakini sisi watoto wa Ilala tulivutwa na sinema. Uhindini tuliijua kwa ajili yake: Avalon, Empire, Empress, Odeon, New Chox. Jumapili ilikuwa siku ya picha za Kihindi. Awaara ya Raj Kapoor ni ya mwaka 1951, na ilikuwa bado ikirudiwa wakati kaka yangu ana umri wa kuvaa suruali ya bugaluu. Familia za Kihindi zilifika zimevaa kama za kwenda harusini. Kina dada wa Kariakoo walikuja na kanga mpya. Walanguzi wa tiketi walishika kona zao, na anayekataa bei yao alirudi kupanga foleni kwenye kidirisha cha nondo huku akiomba Mungu nafasi zisiishe. Kihindi hatukukijua. Tulilia palepale wenzetu walipolia, na Jumatatu nyimbo zote tulikuwa nazo mdomoni.

Miaka mingi baadaye nilitumwa kupima ukumbi mmoja wa sinema uliokuwa umefungwa. Popo walikuwa juu ya dari, viti vimeng'olewa, sakafu imebaki na matundu ya skrubu safu kwa safu. Nikiwa nachora ndipo nikaona kitu ambacho utotoni sikuweza kukiona: milango ilikuwa miwili na ngazi mbili. Wa tiketi ya bei ya chini waliingia kwa mlango wao na kukaa mbele chini ya kioo, na wa bei ya juu walipanda kwa ngazi yao hadi roshani. Msanifu alihakikisha hawagusani wala wakati wa kuingia wala wakati wa kutoka. Ila kaunta ya soda na karanga ilikuwa moja, chini ya ngazi, pengine kwa kubana gharama. Wakati wa mapumziko wote walilazimika kufika pale. Nilipima upana wa ile kaunta: mita tatu na sentimita kadhaa. Hapo ndipo kijana wa Gerezani aliyebeba magunia bandarini aligongana bega na mwanafunzi wa Upanga, wakabishana kama shujaa atakufa au hatakufa. Nafikiri mita tatu zile ziliufanyia mji kazi kubwa kuliko roshani na kioo vyote viwili.

Mwaka 1966 tulipata pia sinema ya magari kule Msasani, Drive-In. Asiye na gari aliingia kwa miguu au alidandia la jirani, na watu walitandika mikeka juu ya boneti na pembeni yake. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo kwa karibu miaka 30 anga lile lilikuwa kioo kikubwa cha familia za mji huu. Kanda za video zilianza kuziua sinema, televisheni ikamalizia. Kumbi zikawa maduka, maghala, nyingine nyumba za ibada. Kiwanja cha Drive-In kilipata hatima ya peke yake: baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi mpya ulijengwa hapo, nyuma ya kuta na vizuizi ambavyo kila mtu anaelewa kwa nini vipo. Ninapopita, moyo wangu unakumbuka mawili kwa pamoja, waliouawa siku ile na mikeka ya Jumamosi.

Kuna jambo moja la majumba ya mjini ambalo vijana wengi hawalijui, au wamelisikia kwa upande mmoja tu. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mengi yalikuwa ya Wahindi, na yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Shangazi yangu, muuguzi, alipangishwa ghorofa ya pili katika mojawapo, vyumba viwili na roshani ya chuma. Tulifurahi kupita kiasi. Watu wa kwetu walikuwa wamejenga yale maghorofa kwa mikono yao na hawakuwahi kulala ndani yake. Na juu ya paji la lile jengo, kwa saruji iliyochongwa, lilikuwepo jina la mtu na mwaka 1938. Mjukuu wa mtu huyo alikaa ghorofa ya kwanza na mkewe, sasa mpangaji kama shangazi. Asubuhi alisalimiana na shangazi kwenye ngazi, "Sister, umeamkaje?", naye akamjibu, "Salama, kaka, watoto wazima?" Wakati wa Diwali sahani ilipanda juu, wakati wa Idi sahani ilishuka chini. Ile ngazi ya mbao ikawa kijiwe chetu sote.

Siwezi kulihukumu jambo hilo kwa neno moja. Lilivunja ule mstari wa Mnazi Mmoja kuliko hotuba yoyote, na liliwaumiza watu waliojinyima miaka mingi wakajenga. Wengine waliondoka nchini wasirudi. Najua pia kilichotokea kwa paa. Mfereji wa maji ulipoziba hakuna aliyejua ni jukumu la nani, maji yakaingia ukutani, chokaa ikaanza kumeguka. Nilipokuja kupima majengo ya umri ule, ufa ulioanzia kwenye mfereji ulikuwa kitu cha kwanza nilichotafuta, na karibu kila mara niliukuta. Jengo la wote linahitaji mtu mmoja mwenye ngazi na ndoo, anayejulikana kwa jina na kulipwa.

Soko la Kariakoo ni jengo la wote kwa namna nyingine. Pale palikuwa na jengo la Wajerumani la kabla ya Vita ya Kwanza, wakati wa vita wakakaa wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliokufa kwa maelfu kwa maradhi na uchovu katika kampeni ile, na baada ya vita pakawa soko. Jengo tunalolijua lilifunguliwa mwaka 1975, kazi ya Beda Amuli, msanifu Mtanzania, mmoja wa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kufungua ofisi yake mwenyewe ya usanifu. Ofisini kwetu tuliuchungulia mchoro wake kwa heshima. Nguzo za zege zinapanda halafu zinafunguka kama miavuli iliyogeuzwa juu chini. Mvua inayonyesha juu ya paa inakusanywa na ile miavuli, inateremshwa na kuhifadhiwa kwenye matangi chini ya ardhi. Pande ziko wazi, hewa inapita, joto linapanda na kutoka. Hakuna feni. Chini kabisa palikuwa Shimoni, juu wauza mbegu na pembejeo. Ukiingia saa kumi na mbili asubuhi ulisikia sauti ya watu ikipaa na kurudi kutoka kwenye zege, na baada ya muda ulijua umefika upande wa viungo kwa pua.

Amuli hakumwiga mtu wa Ulaya. Alilitazama joto letu, mvua yetu na jinsi tunavyouza. Soko lake likawa la watu, ndiyo maana usiku wa tarehe 10 Julai 2021, lilipoungua, simu zilizoanza kupigwa mtaani kwetu zilikuwa za kuulizia watu: fulani alikuwa na mzigo kiasi gani, fulani mwanawe alilala wapi. Baada ya moto kazi ya kulikarabati na kujenga jengo jingine pembeni ilianza, wafanyabiashara wakahamishiwa masoko mengine. Mhandisi anaweza kuurudisha mwavuli wa zege. Mteja wa miaka 20 aliyezoea meza ya mama fulani, akikopa kwake nyanya mpaka mwisho wa mwezi, huyo harudishwi na mkandarasi.

Karibu na soko, ukumbi wa DDC Kariakoo umejulikana kwa dansi. Bendi ya DDC Mlimani Park, Sikinde, ilianzishwa mwaka 1978, na ukumbi ule wa wazi umekuwa nyumbani kwake. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na bugi za mchana kwa vijana, na sikukuu za Idi disko toto kwa watoto wenye viatu vipya. Usanifu wake hauna la kusimulia: sakafu ya saruji, jukwaa, ukuta, kaunta, mabati. Mgeni akiniomba nimwonyeshe majengo muhimu ya Dar na nikampeleka pale saa tano asubuhi, ataniona sina adabu. Mpeleke jioni ya dansi. Atawakuta wazee wamevaa viatu vilivyopigwa kiwi, mabibi wameshika pochi, wanacheza kwa hatua ndogondogo, na kila mmoja anajua meza yake. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaweza kulinda ukuta wa matumbawe, na ni vizuri ilinde. Jioni ya DDC haina kifungu.

Aliyenifundisha kuyatazama haya alikuwa mzee mmoja wa Tanga, mchoraji mkuu ofisini kwetu, mwenye mkono safi kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Mchoro wake wa jengo la zamani haukuishia kwenye kuta. Alichora kibaraza cha mbele, halafu kwa penseli nyepesi aliweka vialama vidogo: muuza kahawa, wacheza drafti, fundi viatu, mama wa vitumbua. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, mteja ameomba kuta na ngazi tu, haya ya nini?" Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, akitaka kuongeza ghorofa ngazi mpya ataiteremshia wapi? Hapa hapa. Sasa hawa watakwenda wapi?" Kisha akaichorea ile ngazi sehemu nyingine, uani, na hesabu yake ilitoka vizuri tu.

Jengo la Salamander pale Samora halipo tena, na mengi ya umri wake yamekwenda. Tangu mwaka 2017 Boma la Kale lina kituo cha urithi wa usanifu cha DARCH, na nafurahi kuona vijana wakitembezwa mitaani na kufundishwa kutazama juu, kwenye mapaji ya majengo yenye majina na miaka. Ningependa watazame na chini, kwenye ngazi tatu za mbele. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, ya vyumba sita na ukumbi wa kati, ilikuwa na kibaraza mbele karibu kila mara. Mtaa mzima wa vibaraza ulikuwa sebule ya watu ambao ndani hawakuwa na sebule. Sasa ni maghorofa, na ghorofa linaanzia kwenye mpaka wa kiwanja, mlango wa chuma, fremu, mlango wa chuma, fremu.

Hivi karibuni mwenye kiwanja mmoja, kijana wa makamo, alinijia na kazi ya ghorofa kumi Kariakoo. Kwenye mchoro wa kwanza niliirudisha fremu nyuma mita moja na nusu upande wa mtaa, nikaweka nguzo na kibaraza chenye kivuli. Alikuja juu. "Mzee wangu, shikamoo, lakini hii ni hasara. Mita moja na nusu kwa urefu wa kiwanja chote ni fremu mbili. Unajua kilemba cha fremu Kariakoo?" Nilikuwa najua. Nikamchukua tukatembea Uhindini mchana wa jua kali, chini ya yale maghorofa ya zamani ambayo ghorofa ya juu inatoka nje na kufunika njia ya waenda kwa miguu. Nikamwambia ahesabu mwenyewe maduka yaliyo kwenye kivuli yana wateja wangapi wamesimama, na yaliyo juani wangapi. Tulikaa pale tukinywa kahawa mpaka akaanza kuuliza bei ya nguzo. Alikubali upande mmoja. Upande wa pili akaweka fremu zake mpaka mwisho, na sikumlaumu. Ana deni benki. Jengo limeisha na limejaa wapangaji. Sasa amenunua kiwanja cha pili, cha kona, na mchoro niliompelekea una kibaraza pande zote mbili.